Selotepu, tanuri, gesi au ombwe: upate vipi utando wako wa MoS2?

Kabla hujauliza njia ipi ni bora ya kukuza utando wa molibdeni disalfaidi (MoS2), jiulize utando huo utaishia wapi. Utabaki pale ulipozaliwa? Utabanduliwa na kuhamishiwa kwenye bamba jingine? Au utakuzwa juu ya saketi zilizokwisha kutengenezwa, ambazo zikipata joto la zaidi ya nyuzi 400 na kitu zinaharibika? (Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.) Nimeona wanafunzi wakichagua njia kwa kutazama picha nzuri za fuwele katika makala za watu, wakasota mwaka mzima mpaka wakazipata, halafu wakagundua kuwa fuwele zenyewe haziwezi kufika zilikokuwa zinatakiwa.

Nitazungumzia zaidi MoS2 kwa sababu ndiyo inayofahamika kuliko ndugu zake WS2, MoSe2 na WSe2, ambamo tangsteni hukaa mahali pa molibdeni au seleni mahali pa salfa. Huenda hata umeishika: grisi nyeusi ambayo fundi hujaza kwenye jointi za ekseli za mbele za gari mara nyingi huwa na unga wake. Inateleza kwa sababu matabaka yake yamelaliana kama karata, yameshikana kwa nguvu hafifu. Udhaifu huohuo ndio unaotuwezesha kupata tabaka moja peke yake, unene wake nanomita 0.65 hivi: safu ya molibdeni katikati, salfa juu, salfa chini. Mwaka 2010 ilionyeshwa kuwa tabaka hilo moja linang'aa likimulikwa kwa leza, ilhali bonge la madini yaleyale haling'ai hivyo. Mwaka 2011 maabara ya Andras Kis kule EPFL, chuo kikuu cha Lausanne, Uswisi, ikatengeneza transista ya tabaka moja ambayo mkondo wake ikiwashwa ulikuwa mara milioni 100 ya ule wa ikizimwa. Tangu hapo kila mtu anautaka utando huu, na kila maabara ina njia inayoiapia.

Kubandua au kukuza?

Njia ya kwanza haikuzi kitu. Unachukua kipande cha fuwele ya madini, unakibandika kwenye selotepu, unakunja na kukunjua tepu mara kadhaa mpaka ibaki na vumbi linalometameta, kisha unaikandamiza juu ya silikoni yenye oksidi ya nanomita 285 au 90. Ndivyo Andre Geim na Konstantin Novoselov walivyopata grafini, tabaka moja la atomi za kaboni, mjini Manchester mwaka 2004, na Tuzo ya Nobeli ikafuata mwaka 2010. Unene wa oksidi si wa kubahatisha: kwa vipimo hivyo mwanga unaorudi huingiliana kiasi kwamba tabaka moja linaonekana kwa hadubini ya kawaida kama kivuli chepesi cha buluu.

Kwa usafi wa fuwele, selotepu bado inatisha. Ukitaka kujua nyenzo yenyewe inaweza nini ikiwa haina mishono wala uchafu, anzia hapa. Lakini kipande kizuri kina upana wa maikromita chache, kumi au ishirini ukibahatika, na unakitafuta kama anayetafuta sindano mchangani. Kuna ujanja wa dhahabu: dhahabu hushikana na salfa kwa nguvu kuliko matabaka yanavyoshikana yenyewe kwa yenyewe, hivyo utando laini wa dhahabu huchuna tabaka moja lenye upana wa milimita, hata sentimita, kisha dhahabu huyeyushwa kwa mchanganyiko wa iodini na iodaidi. Kama una fuwele kubwa nzuri na unahitaji vifaa vichache vya kupima fizikia, usinunue tanuri. Nunua selotepu na uwe na subira.

Tanuri la unga

Ukihitaji zaidi ya vipande vya kubahatisha, wengi huanzia kwenye tanuri la bomba, na mimi nilianzia hapo. Ni bomba la kwatzi la inchi 1 au 2, limepitishwa katikati ya tanuri. Katikati unaweka kibakuli cha kauri chenye miligramu chache za oksidi ya molibdeni, MoO3, na juu yake bamba la silikoni limelala kifudifudi. Upande gesi inakoingia unaweka salfa. Agoni inapita. Katikati panafika nyuzi 650 hadi 850, salfa inapata 150 hadi 200 tu, mivuke inakutana, na baada ya dakika kumi hivi unazima. Yi-Hsien Lee na wenzake walichapisha mapishi ya aina hii mwaka 2012, na yalienea upesi kwa sababu karibu kila chuo kina tanuri mahali fulani.

Siku ya kwanza kufaulu huisahau. Unaweka bamba chini ya hadubini na unakuta pembetatu, mamia ya pembetatu za buluu zenye kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa wembe, nyingine zimekutana ubavu kwa ubavu zikafanya nyota. Kila moja kwa kawaida ni fuwele moja. Siku ya pili unarudia mapishi yaleyale, gramu zilezile, dakika zilezile, na bamba linatoka tupu.

Hapa ndipo watu wanapodhani wamelogwa. Kwa kweli kila kitu kinategemea salfa imefika lini. Ikiwahi kabla oksidi haijaanza kupanda, huufunika unga kwa gamba la salfaidi, na mvuke wa molibdeni unakoma hapohapo. Ikichelewa, hupati pembetatu bali vibao vya MoO2 vyenye umbo la msambamba. Kati ya mawili hayo kuna dirisha la dakika chache, nalo husogea ukihamisha kibakuli sentimita mbili, ukibadilisha kipenyo cha bomba, au bomba likiwa na mabaki ya jana. Bomba lina kumbukumbu. Sisi tulikuwa tunalichoma tupu kwa joto la juu kila baada ya majaribio machache, na kila mtu alikuwa na bomba lake, lenye jina lake. Mwenzetu mmoja alipolitumia la mwenzie kwa seleni bila kusema, palikuwa na manung'uniko ya wiki nzima.

Chumvi husaidia. Kloridi ya sodiamu, chumvi ileile ya mezani ikiwa safi, ikichanganywa na oksidi huteremsha joto la kuyeyuka na kutengeneza misombo inayoruka kirahisi, ndiyo maana hata tangsteni, ambayo oksidi yake ni nzito kuhama, inakubali. Mwaka 2018 kundi moja lilitumia chumvi zilizoyeyushwa kukuza makumi ya misombo ya familia hii. Fuwele zinakua haraka na kubwa. Gharama yake ni sodiamu inayobaki. Kwa mwanafunzi anayepima mwanga, haidhuru. Kwa anayetaka utando wake uingie kwenye kiwanda cha silikoni, sodiamu ni najisi. Huzurura ndani ya oksidi na kuvuruga transista, na hakuna atakayekufungulia mlango wa chumba safi ukiwa nayo.

Jambo moja la usalama ambalo mapishi mengi hulipita kimya: ukiongeza hidrojeni kwenye agoni, inakutana na salfa na kutengeneza hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo harufu yake ni ya yai viza, lakini kwa kiwango kikubwa huua uwezo wa pua kunusa, na sehemu 100 kwa milioni tayari ni hatari kwa uhai. Pitisha moshi wako kwenye chupa ya magadi makali kabla haujatoka nje. Kusema hunusi kitu si ushahidi kwamba hakuna kitu.

Unga au gesi?

Tatizo la unga ni kwamba huwezi kuufungua na kuufunga kama bomba la maji. MOCVD, yaani ukuzaji kwa mvuke wa misombo ya kikaboni yenye metali, huondoa kero hiyo kwa kuleta kila kiambato kama gesi au mvuke unaopimwa na vali: molibdeni heksakabonili kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine hidrojeni salfaidi au kimiminika cha kikaboni chenye salfa. Mwaka 2015 kundi la Jiwoong Park, wakati huo Cornell, lilifunika waifa (bamba la duara la viwanda vya saketi) ya inchi 4 kwa tabaka moja la MoS2 kwa nyuzi 550, na transista zilizotengenezwa juu yake karibu zote zilifanya kazi, asilimia 99. Kwa mtu aliyetoka kwenye tanuri la unga, namba hiyo inaumiza moyo.

Lakini tazama saa. Ukuaji ule ulichukua saa 26. Mivuke ilibidi iletwe kidogokidogo ili mbegu zisiote juu ya tabaka la kwanza kabla halijafunga. Na salfa ya kikaboni huacha kaboni. Hidrojeni huisafisha, ila ikizidi inakula fuwele zenyewe. Ukihamia kwenye hidrojeni salfaidi kaboni inapungua, na badala yake unahitaji kabati la gesi, vihisi vya ukutani na watu waliofunzwa. Kwa seleni ni mbaya zaidi, maana hidrojeni selenaidi ni sumu kali kuliko ndugu yake wa salfa. Bei ya mtambo ni sehemu ndogo ya gharama; usalama wake ndio unaokula bajeti. Hili huandikwa mara chache kwenye maombi ya fedha.

Faida kubwa ya MOCVD kwa maoni yangu si ukubwa wa waifa, ni yakuti samawi. Ile ya maabara haina rangi, ni kama kioo, lakini safu zake za atomi huziongoza fuwele zilale upande mmoja. Kwenye oksidi ya silikoni pembetatu hulala ovyo, na zinapokutana huacha mshono unaokwaza elektroni. Kwenye yakuti zinajipanga kwa pande mbili tu, moja ikiwa ni kinyume cha nyingine, na hapo ndipo ulipobaki mgogoro: pembetatu mbili zilizogeukiana bado zinaacha mshono. Mwaka 2021 watafiti wa Nanjing walikata yakuti kwa mwelekeo mahususi ili ngazi za atomi juu yake ziamue upande mmoja tu, wakapata fuwele moja ya MoS2 kwenye waifa ya inchi 2. Wao walitumia CVD (mvuke wa tanuri, jamaa ya tanuri la unga), sio MOCVD, kwa hiyo usifikiri gesi pekee ndiyo inayoijua kazi hii. Ila ukitaka leo, kesho na mwezi ujao vitoke sawasawa, gesi ina vali, unga hauna.

Yakuti ina deni lake. Joto linalohitajika ili fuwele zijipange vizuri mara nyingi hufikia nyuzi 900 na zaidi, na yakuti haipitishi umeme, hivyo karibu kila mara utando unabanduliwa. Unaupaka plastiki, unaulegeza kwa maji au kwa alkali, unauelea, unauvua kwa bamba jipya kama anayevua samaki kwa sinia. Mikunjo, nyufa na mabaki ya plastiki huingia hapo. Mtu anaweza kutumia saa 26 kukuza na dakika tano kuharibu.

Ombwe kuu

MBE, yaani kukuza fuwele kwa miale ya atomi au molekuli ndani ya ombwe, ni ulimwengu mwingine. Shinikizo ndani ya chemba ni takriban 10⁻¹⁰ ya torri, molibdeni huyeyushwa kwa miale ya elektroni kwa sababu kiwango chake cha kuyeyuka ni nyuzi 2623, na seleni huchemka taratibu kwenye kikombe kando yake. Wazo la kukuza tabaka juu ya tabaka bila kulazimisha atomi zao zilingane lilitoka kwa Atsushi Koma, Japani, miaka ya 1980, na familia hii ya nyenzo ilikuwamo tangu mwanzo.

Watu husikia MBE wakadhani lazima ndiyo fuwele bora. Sivyo. Joto lake ni la chini, atomi za molibdeni hazitembei mbali kabla hazijakaa, na punje mara nyingi huwa na upana wa makumi au mamia ya nanomita, wakati pembetatu ya tanuri la bei rahisi inaweza kufika makumi ya maikromita. Kwa transista, tanuri linaishinda MBE mara nyingi, na linaishinda kwa aibu. Tena MBE haipendi salfa: huruka kirahisi, hubaki kwenye kuta za chemba na kula metali za pampu, hivyo wenye mitambo hiyo wengi hukubali seleni na teluri tu.

Kwa nini basi ipo? Kwa sababu unaona tabaka likijengwa. Miale ya elektroni inayopita kwa kuparaza juu ya bamba huandika mistari kwenye kioo cha kijani, na mistari inabadilika tabaka linapofunga. Kisha sampuli husukumwa kwa mkono wa chuma hadi chemba ya kupimia bila kuonja hewa. Mwaka 2014 MoSe2 iliyokuzwa hivyo juu ya grafini ilipimwa moja kwa moja na kuonyesha pengo la nishati, lile linaloamua kama nyenzo itang'aa, likibadilika aina kutoka tabaka moja kwenda mawili. Misombo ya teluri kama WTe2 huoza hewani; kwao MBE si anasa. Kama swali lako ni la fizikia ya uso wa nyenzo, tafuta mwenye MBE ushirikiane naye. Kuinunua ili utengeneze transista ni kununua meli ili uvuke kijito.

Pale kasoro inapogeuka sifa

Mbili zilizobaki nitazipitia haraka. Moja ni kumwaga molibdeni nyembamba sana, chini ya nanomita moja, kisha kuichoma katika mvuke wa salfa. Inafunika kila mahali, unachora umbo kabla ya kuchoma, na mtu yeyote mwenye mashine ya kufukiza chuma anaiweza. Fuwele ni ndogondogo. Chuma kikizidi nanomita chache, matabaka hayalali tena. Yanasimama wima kama vitabu kwenye rafu.

Nyingine ni ALD, ujenzi wa tabaka la atomi kwa zamu, kazi iliyoendelezwa na Tuomo Suntola wa Finland miaka ya 1970: unapuliza gesi ya kwanza, unasafisha, unapuliza ya pili, unasafisha, na kila mzunguko huongeza sehemu ndogo ya tabaka. Molibdeni pentakloraidi na hidrojeni salfaidi hufanya kazi kwa nyuzi 300 hivi, na utando huingia hadi ndani ya mashimo ambako njia nyingine hazifiki. Punje zake ni za makumi ya nanomita, na ukitaka kuziboresha lazima uchome kwa nyuzi 800 hivi, jambo linalofuta sababu yako ya kuchagua ALD.

Kwa transista, njia zote mbili ni za wasiwasi. Ila kwa anayetaka kuzalisha hidrojeni kutoka kwenye maji, mambo yanapinduka: kinachofanya kazi katika MoS2 ni kingo zake, wala si uso wake mpana. Punje ndogo na matabaka yaliyosimama wima yana kingo tele. Pembetatu yangu kubwa, niliyoihangaikia miezi sita, ingekuwa kichocheo kibovu kabisa.

Saketi zikiwa tayari chini

Kama utando utakaa juu ya silikoni iliyokwisha kutengenezwa, orodha inakatika ghafla. Tanuri la unga limetoka. Yakuti imebaki kwa mwenye mikono ya kuhamisha bila kuchana. Zinabaki ALD na MOCVD ya joto la chini. Mwaka 2023 watafiti wa MIT walionyesha MoS2 ikikua moja kwa moja juu ya waifa za inchi 8 zenye saketi, chini ya nyuzi 300, kwa muda usiozidi saa moja. Siri ilikuwa kutenganisha eneo la joto kali la kuvunja kiambato cha salfa na eneo la baridi ambako waifa inakaa. Wenzao wa Penn State mwaka 2025 walitumia tando za MOCVD, MoS2 kwa upande mmoja wa transista na WSe2 kwa mwingine, wakajenga kompyuta ndogo isiyotumia silikoni kama semikondakta, ikienda kwa kilohezi 25. Ni polepole kuliko kikokotoo cha dukani. Lakini transista zake ni zaidi ya elfu moja za kila aina, na idadi hiyo haifikiwi kwa selotepu wala kwa kibakuli cha unga.

Utakachochagua, pima kabla hujasherehekea, maana rangi hudanganya. Kwa Raman, kipimo cha leza kinachosoma mitetemo ya atomi, tafuta vilele viwili, karibu na 384 na 403 kwa sentimita. Tofauti ikiwa 18 hadi 20 una tabaka moja, ikikaribia 25 una bonge. Kisha angalia mwanga unaotoka karibu na nanomita 670. Pima katikati ya bamba na pembeni, sehemu tano au sita. Makala huonyesha ile sehemu iliyong'aa.

Ningekuwa naanza leo, na fedha za tanuri moja na mwanafunzi mmoja wa uzamili, ningechukua unga na chumvi kwa kazi ya mwanga, ningetumia selotepu kama kipimo cha kulinganishia, na tando za waifa nzima nisingejaribu kuzikuza. Ningeziomba. Penn State wana kituo cha kitaifa cha fuwele hizi, kinachofadhiliwa na mfuko wa sayansi wa Marekani, na kinapokea maombi ya sampuli kutoka kwa watafiti wa nje, za MOCVD na za MBE. Mwanafunzi aandike pendekezo hilo wiki ya kwanza, wakati bomba la kwatzi bado liko njiani.